Kufufua Mashine Ndogo ya Kukereza Chuma: Unyofu Kwanza, Umeme Baadaye

Mtu anayenunua mashine ya zamani ya kukereza chuma mara nyingi huja kuniuliza kwanza kuhusu mota mpya, inveta (kifaa cha umeme kinachodhibiti kasi ya mota) na kipimo cha kidijiti (skrini inayoonyesha kisu kimesogea kiasi gani). Mimi humwomba aviweke kando vyote hivyo hadi mashine yenyewe iweze kukereza chuma cha duara chenye kipenyo kimoja mwanzo hadi mwisho. Hakuna kifaa cha umeme kinachonyoosha kitanda cha mashine (reli zake ndefu za chuma) kilichojisokota au kukaza beringi iliyolegea.

Mashine ninayoizungumzia hapa ni Myford ML7, ambayo ilianza kutengenezwa Beeston, karibu na Nottingham nchini Uingereza, mwaka 1946, na ambayo tumeirudisha kazini katika karakana yetu ya Kizota hapa Dodoma. Ni mashine ndogo: kutoka kitandani hadi katikati ya spindeli (mhimili unaozungusha kazi) kuna inchi tatu na nusu, yaani takriban milimita 89. Kwa fundi anayetengeneza bushi, pini na vipuri vya pampu, ukubwa huo unamtosha kwa kazi nyingi.

Ukavu wa Dodoma umeiepusha mashine hii na kutu inayokula mashine za pwani, lakini vumbi letu ni adui wa aina nyingine. Upepo wa kiangazi hupenyeza mchanga laini chini ya kibebeo cha kisu, mchanga huo huchanganyika na oili, na mchanganyiko huo husaga chuma cha kusubu kila kibebeo kinapotembea. Ndiyo maana kitanda huwa kimelika zaidi karibu na kichwa cha mbele (upande wa spindeli), mahali ambapo kazi nyingi fupi hufanyika. Usikaze vipande vya kubana kibebeo kwa kufuata sehemu iliyolika, kwa sababu ukifanya hivyo kibebeo kitakwama kitakapofika sehemu ambayo bado ni nzima. Tuliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, tukabadilisha vipande vya pamba nzito vinavyofagia kitanda, na tangu hapo mashine hufunikwa kwa turubai kila jioni.

Spindeli ya ML7 huzunguka ndani ya beringi za metali nyeupe (aloi laini) zilizopasuliwa katikati, na kati ya kifuniko cha juu na kitako huwekwa shimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi) zilizobandikwa tabaka kwa tabaka. Huu ni ubunifu ninaouheshimu sana, kwa sababu beringi ikilika fundi hubandua tabaka jembamba la shimu na kurudisha nafasi inayotakiwa bila kununua kitu. Weka geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha mwendo mdogo) juu ya spindeli, kisha inyanyue kwa kutumia chuma kirefu kilichobanwa kwenye chaki, yaani kishikio chenye taya tatu. Ukiona mwendo wa milimita 0.02 hadi 0.03, acha kama ilivyo, kwani nafasi hiyo ndiyo inayobeba utando wa oili. Oili yenyewe iwe nyepesi, ya daraja la ISO 32. Oili nzito ya injini ya gari ina kemikali za kusafisha zinazofanya uchafu uendelee kuelea ndani yake, na uzito wake hupasha beringi joto bila sababu.

Baada ya beringi ndipo tulipoingia kwenye msokoto wa kitanda, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji asiwe na haraka. Mashine ndogo ikifungwa kwa bolti juu ya meza isiyo sawa, kitanda hujisokota kidogo mno kiasi kwamba jicho halioni, lakini kisu kinahisi. Bana kwenye chaki kipande cha chuma chenye kipenyo cha milimita 25, kitokeze takriban milimita 150 bila kushikiliwa na kichwa cha nyuma (kishikio kilicho mwisho wa pili wa kitanda), kikiwa na vikuku viwili vilivyoachwa vinene, kimoja karibu na chaki na kingine mwishoni. Kereza vikuku vyote viwili kwa mkato mwepesi bila kugusa mpini wa kina (unaosogeza kisu kuingia kwenye kazi), kisha vipime kwa maikromita. Kikuku cha mwisho kikiwa kinene zaidi, ongeza shimu chini ya mguu wa mbele wa upande wa kichwa cha nyuma, yaani upande anaposimama fundi; kikiwa chembamba zaidi, inua mguu wa nyuma wa upande huohuo. Kumbuka kwamba kosa la kisu huonekana mara mbili kwenye kipenyo, hivyo shimu nyembamba huleta badiliko kubwa.

Vikuku vilipolingana ndipo tulipofunga mota ya fezi tatu pamoja na inveta inayopokea umeme wa kawaida wa volti 230 wa fezi moja. Mota iwe ya volti 230/400 na iunganishwe kwa delta (namna ya kuunganisha koili zake kwa ile volti ya chini), kwa kuwa inveta ya aina hiyo haipandishi volti hadi 400. Swichi ya kuwasha na kuzima isikatize nyaya kati ya inveta na mota. Itoe amri kwenye inveta yenyewe. Mikanda na puli za zamani tumeziacha, kwa sababu mota inayozungushwa polepole hupoteza nguvu na feni yake haipozi vizuri. Inveta imewekwa ndani ya sanduku lililozibwa dhidi ya vumbi. Jambo la hatari ni kwamba chaki ya mashine hii hufungwa kwa meno ya skrubu kwenye spindeli, hivyo breki ya ghafla au mzunguko wa kinyume unaweza kuifungua ikiwa inazunguka. Tumeipa inveta muda mrefu wa kusimama, na mzunguko wa kinyume tumeuzima kabisa.

Kipimo cha kidijiti kimeondoa usumbufu wa inchi, kwani mzunguko mmoja wa mpini wa kina ni milimita 2.54, yaani sehemu ya kumi ya inchi. Kwa meno ya bolti za milimita, hata hivyo, kipimo hicho hakisaidii chochote. Kinachohitajika ni gia ya meno 127. Skrubu ndefu ya mashine, ile inayosogeza kibebeo, ina meno 8 kwa inchi, sawa na hatua ya milimita 3.175, kwa hiyo ili kupata hatua ya milimita 1.5 uwiano wa gia ni 60 kwa 127 kamili, bila salio lolote. Ukishaanza kukata meno hayo, usifungue nati inayokamata skrubu ndefu hadi umalize: simamisha mota, ondoa kisu kwenye kazi, geuza spindeli kwa mkono hadi kibebeo kirudi mwanzo, kisha endelea na mkato unaofuata.