Buckner hakuipotezea Boston ubingwa

Jumamosi mzazi mmoja alinifuata kando ya uwanja. Mwanawe alikuwa bado anafuta machozi kwa kuwa mpira wa besiboli ulimpita katikati ya miguu. "Kocha," akaniambia, "si ndivyo yule Buckner alivyowapotezea wenzake ubingwa?" Swali hilo nimeulizwa mwaka huu hadi nimechoka, na safari hii mtoto alikuwa anasikia.

Video inayozunguka kwenye simu ni ya sekunde chache tu. Mookie Wilson wa New York Mets anapiga mpira wa chini, unadundadunda kuelekea besi ya kwanza, Bill Buckner wa Boston Red Sox anainama, mpira unapita chini ya glavu yake. Ray Knight wa Mets anafika besi ya nyumbani, yaani anafunga pointi ya ushindi, mikono kichwani na uwanja mzima unaripuka kwa vifijo. Ni mchezo wa sita wa World Series ya 1986, fainali ya besiboli ya Marekani ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda michezo minne, na Boston tayari walikuwa na mitatu; Shea Stadium, 25 Oktoba. Ukiitazama video hiyo peke yake utaapa kwamba Boston walikuwa mbele. Hawakuwa mbele! Matokeo yalikuwa 5-5 kabla Wilson hajaugusa mpira ule.

Rudisheni nyuma. Boston waliingia nusu ya pili ya iningi (duru) ya 10, zamu ya Mets kupiga, wakiongoza 5-3, na wapigaji wawili wa kwanza wa Mets wakatolewa. Ikabaki auti moja, yaani kumtoa mpigaji mmoja zaidi, wawe mabingwa. Mipira ya mrushaji wa Boston, Calvin Schiraldi, ikapigwa vizuri na Gary Carter, ikapigwa na Kevin Mitchell, ikapigwa na Knight, ambaye tayari alikuwa na straiki mbili na ya tatu ingemtoa. Ikawa 5-4. Akaingia mrushaji mwingine, Bob Stanley. Mpira wake wa saba kwa Wilson ukaenda ndani mno, chini miguuni. Wilson akaruka kuukwepa, mdakaji Rich Gedman akaukosa, Mitchell akatoka besi ya tatu akasawazisha. Huo ndio mpira ninaowaonyesha wanafunzi wangu, tena na tena, kwa sababu ndio uliofuta uongozi wa Boston. Buckner alikuwa amesimama tu kwenye besi yake. Ulipokuja mpira wa kumi, ule wa kwenye video, kama Buckner angeudaka na Wilson akatolewa, mchezo ungekwenda iningi ya 11. Kuudaka peke yake kusingewapa Boston ubingwa.

Na kwa nini alikuwa pale? Alikuwa na miaka 36 na vifundo vya miguu vilivyochakaa. Katika michezo mitatu ambayo Boston walishinda kwenye fainali hiyo, meneja John McNamara alimtoa mwishoni akamweka Dave Stapleton alinde. Usiku ule akamwacha. Kwangu mimi, kocha anayemwacha mgonjwa uwanjani amebeba nusu ya kosa lake.

Wengine huniambia mchezo ule ndio uliomaliza kazi. La. Ulikuwapo wa saba, 27 Oktoba, baada ya mvua kuusogeza kwa siku moja. Boston waliongoza 3-0, wakafungwa 8-5. Buckner alipiga mara mbili vizuri na kufunga pointi moja. Hilo halimo kwenye video yoyote niliyoletewa.

Tena mchezo wa kwanza wa fainali hiyohiyo Boston walishinda 1-0, na pointi hiyo pekee iliingia baada ya mpira kupita katikati ya miguu ya Tim Teufel wa Mets. Kosa lilelile! Teufel haulizwi kwa kuwa timu yake ilichukua kombe.

Kuhusu laana inayosemekana iliwapata Boston kwa kumuuza nyota wao Babe Ruth: ni kweli Boston hawakuchukua ubingwa kuanzia 1918 mpaka 2004, lakini laana hairushi mpira. Stanley ndiye aliyerusha. World Series nayo haikupewa jina la gazeti la New York, kama mnavyosimuliana. Ni ufupisho wa maneno ya "ubingwa wa dunia" yaliyotumika tangu fainali ya 1903. Wala si siku zote imekuwa ya kushinda michezo minne: mwaka huo wa 1903, na tena 1919 hadi 1921, bingwa alihitaji mitano.

Sasa kijana wetu. Kosa lake ni dogo na linarekebishika: glavu ilikuwa gotini mpira ulipofika. Glavu iguse mchanga kwanza, mapema, kabla mpira haujadunda mara ya mwisho. Kuinua mkono ni kazi ya kufumba na kufumbua; kuushusha huku umeinama ndiko kunakochelewa. Jumatatu nilimpigia mipira hamsini ya chini. Ya mwanzo ilimpita minne. Kumi ya mwisho aliidaka yote, magoti yamejaa vumbi.

Mzazi, Jumamosi hii mlete mapema. Nimemwandika besi ya kwanza.