Sentensi ya Kilatini: tazama mwisho wa neno, si mahali lilipo

Chukua sentensi hii: "Canis puerum mordet." Mbwa anamuuma mvulana. Sasa ivuruge: "Puerum canis mordet." Maana ni ile ile, mvulana bado ndiye anayeumwa. Ukitaka yeye ndiye aume, kuhamisha maneno hakutoshi, lazima ubadilishe miisho: "Puer canem mordet."

Puer ni kiima, puerum ni yambwa, yaani anayetendwa. Canis na canem vivyo hivyo. Maumbo haya huitwa uhusika, na katika umoja yambwa mara nyingi huishia na -m.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuanzii sifuri hapa. Ni kweli kwamba "mbwa anamuuma mtoto" na "mtoto anamuuma mbwa" ni visa viwili tofauti, kwa kuwa wote wako katika ngeli ya A-WA na kitenzi hakituambii nani ni nani. Lakini "kitabu amekisoma Juma" hakimchanganyi mtu: ki- imeshika kitabu, a- imemshika Juma. Kilatini nacho hutegemea alama, ila huzibandika kwenye nomino yenyewe, mwishoni.

Kitenzi nacho hubeba nafsi mkiani: amo napenda, amas unapenda, amat anapenda, amamus tunapenda, amatis mnapenda, amant wanapenda. Kwa hiyo "amat" peke yake ni sentensi kamili, kama ilivyo "anapenda".

Wakatoliki wanaufahamu wimbo wa "Agnus Dei, qui tollis peccata mundi", yaani "Mwanakondoo wa Mungu, uondoaye dhambi za dunia". Ile -s ya tollis ni "wewe", ndiyo maana tunasali "uondoaye" na si "aondoaye". Dei na mundi zimekwisha kumeza kihusishi cha umilikaji: wa Mungu, za dunia. Peccata, dhambi, ni yambwa katika wingi, na haina -m yoyote. Zipo nomino za namna hiyo, ambazo kiima na yambwa hufanana kabisa. Hizo ni za kukariri tu.

Vitabu vingi vitakuambia kitenzi hukaa mwisho. Katika nathari mara nyingi ni hivyo, lakini sala hiyo yenyewe imekiweka katikati, kwa hiyo usiitegemee sana kanuni hiyo. Tafuta kitenzi popote kilipo, uanze nacho. Chukua "puellae": yaweza kuwa "wasichana", "ya msichana" au "kwa msichana". Ukikutana na "puellae cantant", -nt inakuambia wako wengi: wasichana wanaimba. Ukikutana na "puellae rosam nauta dat", dat ni ya mtu mmoja, basi puellae si kiima. Anayebaki ni nauta, baharia, na rosam yenye -m ndicho kitolewacho: baharia anampa msichana waridi.