Mpishi Si Adui wa Kamati

Kikao cha tatu cha kamati yoyote ya harusi hapa Mbeya hakikosi mtu wa kusimama na kusema, "Hawa wapambaji na wapishi tuwakabe, wanatuona sisi ng'ombe wa maziwa." Watu wanacheka, mwenyekiti anagonga meza, na mimi kwenye kona yangu najua hapa kazi ipo.

Nina miaka 11 kwenye uratibu wa sherehe. Harusi nyingi nilizosimamia ni za kati ya Uyole na Mbalizi, nyingine Tukuyu, Kyela na Vwawa, chache Makambako. Zilizoharibika mbele ya macho yangu ninazikumbuka moja moja, na mtoa huduma mwizi ninamkumbuka mmoja tu. Zilizobaki ziliharibika kwa sababu mtu aliyepewa kazi hakuambiwa ukweli mapema, na ukweli unaofichwa kuliko wote ni wa pesa.

Kamati zetu zinaendeshwa kwa ahadi. Mtu anaahidi laki moja kikao cha kwanza, analeta elfu 30 kikao cha nne, zilizobaki "nitakuja nazo ukumbini". Chukua harusi moja ya mwaka juzi: bajeti milioni 18, ahadi milioni 21, taslimu kwa mhazini milioni 11. Wiki tatu zimebaki. Wajumbe waliotumwa kwa mpambaji walizungumza kama watu wenye milioni 21. Wakachagua maua mabichi kila meza, vitambaa vya rangi ambayo mama wa watu hakuwa nayo stoo, na njia ya kuingilia maharusi yenye taa mwanzo hadi mwisho. Akakubali, akapewa advansi kidogo. Ilipofika Jumatano ya wiki ya harusi, mhazini akawa hapokei simu. Mpambaji naye akafanya anachofanya kila mtu mwenye akili: akapamba kwa kadiri ya pesa aliyoiona. Jumamosi usiku watu wakatoka wanasema ametuibia.

Sasa tazama mazungumzo mengine, ya familia iliyokuwa na pesa kidogo kuliko hiyo. Mwenyekiti wao, mzee mmoja mstaafu asiye na maneno mengi, alimwambia mpambaji hivi: "Mama, mkononi tuna milioni moja na laki mbili. Laki tano tunazitegemea baada ya tarehe 15, lakini usizihesabu mpaka uzione. Utatusaidiaje?" Mama akauliza kama rangi lazima iwe ile ya kwenye kadi. Alikuwa na vitambaa vya kijani na dhahabu vya kutosha ukumbi mzima, vimefuliwa, havina gharama mpya. Maua mabichi akayaweka meza kuu tu, kamera inakokaa muda mrefu, huku nyuma akatumia ya kitambaa. Ukumbi ulipendeza kuliko ule wa milioni 18. Siku hizi nikienda kwa mpambaji, kabla ya kutaja rangi naanza kwa kuuliza, "Una rangi gani stoo?"

Halafu pesa ya nyanda hizi ina msimu wake. Mjomba mwenye mashamba ya mpunga Mbarali au shangazi wa kahawa Mbozi anaweza kuahidi kwa moyo wote mwezi wa pili, lakini hela yake bado imo shambani. Harusi ikiwa mara tu baada ya Pasaka, ahadi kama hiyo mimi naandika sifuri, ikija tunashukuru. Na ndizo Jumamosi zinazogombaniwa, maana wengi hawafungi ndoa Kwaresima, kwa hiyo wakitoka huko wote wanamtaka MC yuleyule. Mtoa huduma anajua hayo. Ukimdanganya kuhusu pesa msimu huo, anaye mwingine anayesubiri tarehe yako.

Malipo nayagawa kwa kuangalia nani anatanguliza gharama. Mpishi ananunua mchele, nyama na mafuta kabla hajapika hata sufuria moja, kwa hiyo kufikia Jumatano awe na pesa ya manunuzi yote, kinachosubiri kiwe ujira wake. Ukimchelewesha hadi Ijumaa atanunua kwa bei ya haraka pale sokoni Mwanjelwa, au atakopa duka la jumla, na deni hilo utalila kwenye sahani. MC na DJ hawanunui kitu, ila wanakupa tarehe ambayo hawataiuza kwa mwingine. Hao wanahitaji advansi nzuri mapema, na salio usiku uleule kabla hawajakunja nyaya. Mpiga picha namwachia salio mpaka picha zifike, na wazuri huwa hawalalamiki, mradi muwe mmekubaliana tangu mwanzo.

Maandishi ni lazima, hata kwa rafiki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo, shida ni kuyathibitisha shangazi akianza kusema "hatukukubaliana hivyo". Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, mahali, idadi, bei, lini kiasi gani, na nini kinatokea mkiahirisha. Wasiopenda karatasi nawatumia muhtasari kwa WhatsApp na kuwaomba wajibu "nimekubali". Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hiyo haukataliwi kwa sababu tu ni wa kwenye simu. Sijawahi kumpeleka mtu mahakamani na sitarajii. Ila nimeona watu wakikumbuka vizuri zaidi wakijua imeandikwa.

Ukweli mwingine unaosahaulika ni wa mahali, na hapa kosa lilikuwa langu. Nilimwagiza dada mmoja wa hapa mjini keki ya ngazi tano, nikamwambia tarehe, rangi na ladha. Sikumwambia kwamba sherehe ni Kyela. Akaipamba kwa krimu ya siagi kama anavyofanya kila siku, na kwa baridi ya Mbeya krimu hiyo inaganda ikawa ngumu kama sabuni ya mche. Tukaipakia imesimama. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; Kyela, kule ziwani Nyasa, ni karibu mita 500. Tulipopita Tukuyu ilikuwa salama. Tulipoanza kushuka, joto likaingia garini na ngazi ya tatu ikaanza kuegemea mlango kama mlevi wa saa nane usiku. Dada wa watu alilia. Baadaye, ameshatulia, akaniambia neno ambalo sikuwa na jibu lake: "Kaka, ungesema tu ni Kyela. Ningekuja nayo vipande vipande, nikaijengea kulekule."

Kinyume chake nacho kipo. Familia moja ilileta mpishi wao kutoka Dar es Salaam, fundi kwelikweli, akapanga muda wa maharage kwa hesabu za pwani. Kwa mwinuko wa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 tu, si 100, kwa hiyo maharage yanataka muda zaidi jikoni. Wageni walikaa, MC akamaliza vichekesho vyote anavyovijua, maharage bado yanahesabika moja moja. Mama lishe yeyote wa mtaa wa Soweto hapa mjini angemwambia hilo bure, kama kuna mtu angewakutanisha.

Jambo la kunichosha zaidi ni midomo mingi. Mpishi anaambiwa watu 250 na mwenyekiti, 300 na mama wa bibi harusi, na Ijumaa jioni baba mdogo anapita jikoni na kumnong'oneza, "Weka 350, ukoo wetu ni mkubwa." Nani amsikilize? Kwenye karatasi zangu kuna jina moja na namba moja ya simu, na idadi ya mwisho inatoka Jumanne. Lakini huku kwetu huwezi kumwambia shangazi asiongee na mpishi, utavunja harusi yenyewe. Nilichojifunza ni kumpa kazi: shangazi anakuwa muonjaji rasmi wa pilau. Anapewa kiti, sahani na heshima yake, na hana tena muda wa kubadilisha idadi.

Kwenye hiyo idadi ya Jumanne wamo pia wafanyakazi. Mpiga video aliyeanza na bibi harusi saluni saa 2 asubuhi, akaenda ibada ya saa 8, atakuwa bado amesimama saa 5 usiku. Kumpa soda na kumwambia asubiri wageni washibe kwanza ni kujitafutia video inayotikisika. Wapewe chakula chao upande wa nyuma wakati wa hotuba za wazee. Hotuba huwa ndefu, wana muda.

Msafara nao mwambie MC ukweli. Kutoka kanisani hadi ukumbini ramani inasema dakika 20, lakini barabara kuu ya hapa ndiyo hiyohiyo ya malori ya Tunduma, na matarumbeta juu ya pikapu hayapendi kwenda mbio. Mwambie saa nzima. Akiambiwa saa nzima atapanga, akiambiwa dakika 20 atawasimamisha wageni mlangoni mara tatu bure.

Kuhusu malalamiko, sina mengi. Mvute mtu pembeni, na kipaza sauti kiwe mbali.

Kitu cha mwisho ninachofanya, na wenzangu wananicheka kwacho, ni kuwaalika watoa huduma siku ya kuvunja kamati. Mhazini anasoma hesabu, madeni yanalipwa kabla kreti halijafunguliwa. Mara moja mzee wa ukoo alimwita mpishi wetu mbele, akamshika mkono na kumwambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, huku watu wakipiga vigelegele. Mwaka uliofuata nikampigia mama huyo kwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, nikiwa najua amejaa. Alinyamaza kidogo, akasema ile harusi nyingine ataipeleka kwa mdogo wake. Kisha akauliza, "Haya, idadi ya kweli ni ngapi, na mkononi mna shilingi ngapi?"