Msimkunje kwenye bajaji: yanayosemwa kuhusu CPR na ukweli wake

Yule mzee alianguka palepale alipokuwa amesimama akisubiri daladala, Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni. Alikuwa na mfuko wa machungwa, yakaviringika mpaka chini ya magari. Watu hawakumkimbia. Dakika haikuisha, tulikuwa wanaume sita tumemnyanyua, mimi nimeshika miguu, tukamwingiza kwenye bajaji amekunjwa, kidevu kimelalia kifua. Bajaji ikaingia kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Alifikishwa hospitali ameshafariki. Huenda asingepona hata tungefanya vingine, lakini njia nzima hakuna mkono hata mmoja uliogusa kifua chake, na hilo linaniuma mpaka leo.

Baadaye nilijifunza huduma ya kwanza, hasa CPR, yaani kumkandamiza kifua na kumpulizia hewa mtu ambaye moyo umesimama, na sasa nawaelekeza wenzangu mtaani. Kila ninapokaa na watu nasikia maneno yaleyale.

"Muwahisheni hospitali kwanza!"

Hili ndilo lililotuponza sisi. Moyo ukisimama, damu haifiki tena kwenye ubongo, na ndani ya dakika nne hadi sita hivi ubongo huanza kuharibika. Kwa foleni ya jioni, dakika sita hazikuvushi hata taa moja. Kwa hiyo kazi inaanzia hapohapo alipoanguka. Mmoja apige 112, mwingine atafute gari, wewe piga magoti pembeni yake.

Mlaze chali mahali pagumu; kitandani godoro linabonyea badala ya kifua. Weka kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Kandamiza kwa uzito wa mwili wako, si kwa nguvu za mikono peke yake: sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hesabu kwa sauti. Ukikandamiza mara thelathini, zinatakiwa ziishe ndani ya sekunde 15 hadi 18. Kila ukikandamiza, kiache kifua kirudi juu chote, maana hapo ndipo moyo unapojaa damu tena.

"Mbona bado anapumua? Si unamsikia anakoroma?"

Naomba hapa usome taratibu. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kuendelea kwa dakika kadhaa kuvuta pumzi mojamoja, nzito, za kukoroma, mdomo unafunguka kama wa samaki aliyetolewa majini, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Watu wakiiona hiyo wanafarijika, wanaanza kumpepea. Lakini hizo ni pumzi za kukata roho, hazimpi hewa yoyote ya maana. Mtikise mabega, mwite kwa sauti. Haitikii, na hapumui kama mtu aliyelala usingizi wa kawaida? Anza kukandamiza. Usipoteze muda kutafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono. Hata wauguzi wenye uzoefu huwa wanakosea. Na kama ulikosea na moyo wake ulikuwa unapiga, atasogea au atakusukuma, nawe utaacha. Madhara ya kosa hilo ni madogo sana kuliko ya kusubiri.

"Ni presha hiyo, mmwagieni maji"

Kwetu kila anayeanguka ana presha. Maji usoni na kitunguu puani haviwashi moyo uliosimama. Na maji ya kunywa usimpe kabisa mtu asiyejitambua, yataingia kwenye mapafu.

"Utamvunja mbavu"

Ni kweli, mbavu huvunjika, hasa za wazee, na utasikia mlio chini ya kiganja. Endelea. Ubavu unaunga.

"Ni mama wa watu, huwezi kumshika kifua"

Nimeliona hili kwa macho yangu: wanaume wamesimama duara, wanatafuta mwanamke wa kusaidia, dakika zinakwenda. Si aibu ya kwetu peke yetu. Tafiti za Marekani nazo zimeonyesha kuwa wanawake wanaoanguka hadharani hupata CPR kwa nadra kuliko wanaume. Baibui lake liache lilivyo, kandamiza juu ya nguo. Anayetaka kumsitiri ashike khanga akinge macho ya watu.

"Bila kupuliza mdomoni haina maana"

Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, damu yake bado ina oksijeni ya kutosha kwa dakika za mwanzo. Ndiyo maana tangu 2008 Chama cha Moyo cha Marekani kinamwambia mpita njia asiyejifunza akandamize tu, bila kupuliza. Aliyejifunza akandamize mara 30, kisha apulize pumzi 2, arudie hivyo: 30 kwa 2.

Mtoto ni habari nyingine. Moyo wake mara nyingi husimama kwa sababu kwanza amekosa hewa, kwa hiyo pumzi zako ndizo anazozihitaji zaidi.

"Mtoto akizama, mning'inize miguu juu maji yatoke"

Kigamboni, Kunduchi, kila ufukwe wenye watoto jambo hili linafanyika, na hufanywa na watu wanaompenda mtoto huyo kuliko kitu chochote. Lakini maji yanayoingia mapafuni kwa kawaida si mengi, na ukimning'iniza au ukimminya tumbo unatoa ya tumboni, pamoja na matapishi yanayorudi kwenye njia ya hewa. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie kidogo kidogo huku ukitazama kifua kikipanda. Ulaya wanafundisha pumzi tano za mwanzo, Marekani mbili. Kisha kandamiza kwa mkono mmoja, thuluthi moja ya unene wa kifua, 30 kwa 2. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja kichwa kisirudishwe nyuma sana, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja, na ukandamize kwa vidole gumba viwili huku vidole vingine vimezunguka mgongo. Akitapika, mgeuze ubavu, mfute, endelea.

Usimwogope kwa udogo wake. Anayemgusa kwa woga, kwa ncha za vidole, hasukumi damu yoyote.

Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania wanafundisha haya kwa mdoli. Kabla hujapata nafasi ya kwenda, leo usiku weka mto mgumu sakafuni, piga magoti, kandamiza ukihesabu. Kabla ya dakika mbili mabega yatawaka moto, na kina kitaanza kupungua bila wewe kujua. Ndiyo maana tunabadilishana kila dakika mbili, haraka, yule wa pili akiwa tayari amepiga magoti upande wa pili. Siku ile Mbagala tulikuwa sita.