Je, wajua kimeng'enya kinavyofichua herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya saratani?

Herufi moja ya DNA haionekani kwa hadubini ya darasani, lakini mwanafunzi anaweza kuikamata kwa kimeng'enya cha kukata DNA. Mfano mzuri wa kufundishia ni kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) ya 249 ya jeni TP53, jeni inayozuia seli zilizoharibika zisigawanyike. Mwaka 1991 tafiti mbili, moja ya Qidong nchini China na nyingine ya kusini mwa Afrika, zilionyesha kuwa katika saratani ya ini ya huko AGG mara nyingi hugeuka AGT. Mshukiwa mkuu ni sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga.

Kimeng'enya HaeIII hukata penye GGCC tu. Baada ya AGG hufuata CCC, kwa hiyo GGCC ipo. G ya tatu ikigeuka T, hakuna pa kukata.

Damu ya mgonjwa haihitajiki. Hutumika seli za saratani ya ini zinazokuzwa maabara: HepG2 hazina badiliko hili. PLC/PRF/5, zilizotokana na uvimbe wa ini wa mgonjwa wa Msumbiji, zinalo. Andaa DNA ya kila moja, mchanganyiko nusu kwa nusu, na tyubu ya maji matupu.

PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya µl 25: masta miksi (mchanganyiko tayari wa kunakilia) ya 2x µl 12.5, praima mbili (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) za 10 µM µl 1 kila moja, DNA µl 2, maji µl 8.5, mizunguko 35. Praima zinazotumika sana hutoa kipande cha herufi 158. Kisha chukua zao la PCR µl 10, bafa ya 10x µl 2, maji µl 7 na HaeIII µl 1, uache kwenye 37 °C kwa saa moja au mbili. Tembeza kwa umeme kwenye jeli ya agarose ya 3%, itenganishe vipande kwa ukubwa. HepG2 hutoa vipande vya herufi 92 na 66, PLC/PRF/5 hubaki 158, mchanganyiko huonyesha mistari yote mitatu.

Mtego wa zoezi hili ni kwamba badiliko huonekana kwa kutokatwa, na kimeng'enya kilichokufa nacho hakikati. Kimeng'enya huja ndani ya gliseroli nzito inayozama chini ya tyubu. Asiyechanganya taratibu kwa pipeti atapata 158 hata kwa HepG2. Ukiwa na shaka, ongeza zao la HepG2 kwenye sampuli hiyo, ukate upya. 92 na 66 zisipotokea, tatizo ni ukataji.

Mistari ya vipande vidogo hufifia kwa kuwa hubeba rangi kidogo, basi pakia ya kutosha. Na jeli iyeyushwe kwa bafa ya TBE, si maji. Kosa hili ni la kila muhula.

Wala usikadirie asilimia kwa mwangaza wa mstari wa 158 kwenye mchanganyiko. Mwishoni mwa PCR, uzi wa kawaida hujiunga na uzi uliobadilika, na HaeIII haikati pasipolingana, hivyo mstari huo hung'aa kupita nusu yake halisi.