Sayansi Katika Upelelezi: Kumpata Mhalifu na Kumwachia Asiyehusika

Watu wengi wakisikia habari za maabara ya uchunguzi wa jinai hufikiria namna mhalifu anavyonaswa, ilhali kipimo cha vinasaba (DNA) kilipotumika kwa mara ya kwanza katika upelelezi wa mauaji kilianza kwa kumsafisha mtu asiye na hatia. Ilikuwa Leicestershire, Uingereza, mwaka 1986. Wasichana wawili walikuwa wameuawa kwa kupishana takriban miaka mitatu, na kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri kumwua mmoja huku akikana kumwua mwingine. Polisi, waliosadiki kwamba mauaji yote mawili yalikuwa ya mkono mmoja, walimwendea Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, aliyegundua mbinu hiyo mwaka 1984. Majibu yalionyesha kwamba muuaji kweli alikuwa mmoja, lakini si kijana yule. Muuaji alipatikana baadaye na kuhukumiwa mwaka 1988.

Nimeanza na kisa hiki makusudi, kwa sababu naamini kazi kubwa ya utafiti katika haki jinai ni kuyapima yale tunayoyaamini bila kuyahoji, yakiwemo ya sisi wataalamu. Mwaka 2004, baada ya milipuko ya Madrid, wachunguzi walioheshimika wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walikubaliana kwamba alama ya kidole iliyopatikana ilikuwa ya wakili mmoja wa Marekani. Polisi wa Hispania wakaonyesha kwamba ni ya mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba anayehakiki alama asijue mwenzake ameamua nini, na kwamba askari anayesimamia gwaride la utambuzi, ambapo shahidi huonyeshwa watu kadhaa ili amtambue aliyemwona, asijue mtuhumiwa ni yupi.

Doria nazo zimepimwa. Huko Kansas City, Marekani, mwaka 1972 hadi 1973, baadhi ya maeneo yaliondolewa doria za kawaida na mengine yakaongezewa magari mara mbili hadi tatu, na bado hakukuonekana tofauti ya maana katika uhalifu wala katika hofu ya wakazi. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba doria huleta nafuu zaidi inapoelekezwa kwenye sehemu chache ambako matukio hujirudia.

Hata hivyo, maabara haiwezi kurekebisha kilichoharibika katika eneo la tukio. Shati lenye damu mbichi likifungwa kwenye mfuko wa plastiki, unyevu hubaki ndani, bakteria huzaliana, na vinasaba huharibika. Linapaswa kuanikwa likauke mbali na vielelezo vingine, kisha liwekwe kwenye mfuko wa karatasi na kufungwa kwa lakiri. Kila anayelipokea aandike jina lake, tarehe na saa, kwa kuwa mshtakiwa ana haki ya kuuliza kielelezo kililala wapi usiku ule, na jibu lazima lionekane kwenye kumbukumbu hizo.