Kuchota si "fetch"

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hufundishana kwamba kuchota ni "fetch", wakaona jambo limekwisha hapo. Dhana hiyo ina kosa, kwa sababu "fetch" haisemi lolote juu ya kata wala maji: maana yake ni kwenda, kuchukua kitu na kurudi nacho, ndiyo maana Mwingereza hulitumia hata kwa mtoto anayefuatwa shuleni, na mtoto hachotwi.

Kitendo chenyewe cha kuchota hutajwa kwa kufuata chombo na kinachochotwa. Unga unaotolewa guniani kwa kikombe, au mchanga unaojaa viganjani, ni "scoop". Mchuzi unaopakuliwa kwa upawa ni "ladle". Maji ya kisimani ni "draw". Na maji yaliyoingia mashuani, ambayo mabaharia wetu huyafua, ni "bail".

Linalopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni "dip". Neno hili lina undugu na "deep", yaani kuwa na kina, na msingi wake ni kuzamisha kidogo na kutoa, kama andazi linavyochovywa kwenye chai likatoka na ncha iliyolowa. Hata hivyo, Wamarekani huita kata yenye mpini mrefu "dipper", na kwa umbo lake wakaziita nyota saba za kaskazini Big Dipper.

Kumwaga nako kunahitaji uangalifu, kwani neno letu hubeba kusudi na bahati mbaya pamoja. Aliyeimimina chai kikombeni ametenda "pour"; aliyeimwaga mezani kwa kupigwa kikumbo ametenda "spill".